Kukhu wa Simiyu

Nafula wangu,

Umelala. Nimekuchungulia nikakuta umelala na simu mkononi, mdomo wazi, vile unavyolala tangu uzaliwe. Mizigo iko mlangoni na sitaki kuifungua tena kuangalia kama umebeba sweta. Ujerumani najua kuna maduka ya sweta. Mambo ya kula vizuri, kuomba, kuchunga pasipoti na kuogopa wanaume wenye maneno matamu tumeyazungumza wiki nzima mpaka ukaniambia, "Mathe, aki imetosha." Imetosha kweli. Barua hii si ya hayo.

Nakuandikia kwa sababu kuna jambo limenishinda kukuambia tukiwa tunaangaliana. Na unanijua mimi, mdomo wangu unaogopwa soko zima hapa Dagoretti. Mteja akiinua matumbo ninayouza akayanusa, namuuliza kama amekuja kununua au kuposa. Lakini hili limenikaa kooni. Ni habari ya mzee Simiyu, yule fundi wa vioo. Yule uliyemkuta amekalia kiti cha baba yako.

Usikunje uso. Soma kwanza, ukunje baadaye.

Nilimjua nikiwa na umri kama wako. Nilikuwa yaya kwa nyumba moja Westlands, naye alikuwa anaweka vioo kwenye ghorofa lililokuwa linajengwa ng'ambo ya barabara. Yeye ananing'inia juu huko kwa kamba, anaimba kwa Kibukusu akidhani hakuna anayesikia, na mimi niko chini naanika nepi za mtoto wa wenyewe. Nikamwambia kwa lugha yetu, kwa sauti, "Wewe, ukianguka usiangukie nepi zangu, nimeshazifua!" Alicheka mpaka wenzake wakamshikia kamba. Jioni aliningoja langoni, na mavumbi yake yote.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yangu ya kutoka. Tulikuwa tunateremka kwa miguu hadi mjini, tunakaa kwenye bustani ya Jevanjee tukila njugu na kusikiliza wahubiri wakipigiana kelele. Tukirudi alikuwa ananionyesha madirisha. "Kile nilikiweka mimi. Na kile cha juu, unakiona? Kile nilikikata vibaya, kikarudiwa." Wanaume wengi wangenionyesha vile vizuri peke yake. Yeye alinionyesha na alivyoharibu, na nadhani hapo ndipo nilipompenda, mbele ya jengo la watu, na viatu vinaniuma.

Sasa sikia kosa letu. Hapa Nairobi ukikutana na mtu wa kwenu unafurahi, unauliza jina, unauliza kwao ni wapi, basi. Tungekuwa nyumbani, koo zingetajwa hata kabla hatujazoeana. Sheria yetu unaijua: huolewi na mtu wa ukoo wa baba yako, wala wa mama yako, wala koo walikotoka nyanya zako wawili. Mimi nilimuuliza ukoo wa baba yake na wa mama yake, nikaona tuko sawa, nikaacha kuuliza. Nani akiwa amependa anauliza habari za nyanya za watu?

Tukakaa hivyo, miaka ikapita, tukajiona tayari kama mke na mume. Ndipo akaja nyumbani kwetu Bungoma na wajomba zake kuniomba. Mama yangu alikuwa amechinja majogoo, sebule imepigwa deki, vitambaa vyeupe vimetandikwa kwenye viti. Kwetu huwezi kumimina chai kabla koo hazijatajwa, na mwenye kazi ya kuuliza alikuwa shangazi yangu Tabitha. Simiyu akataja ukoo wa baba. Sawa. Wa mama. Sawa. Wa mama ya baba. Sawa. Akaja kwa mama ya mama yake, akataja ukoo wetu.

Shangazi akainua mkono. "Rudia, kijana."

Akarudia. Akataja na jina la nyanya yake na kijiji alichotoka kabla ya kuolewa. Babangu akasimama.

Nilidhani watagombana, Nafula. Afadhali wangegombana. Walifurahi! Babangu alimkumbatia mjomba mkubwa wa Simiyu, wakapigana migongo. "Kumbe ni watu wetu! Kumbe ni mtoto wa dada yetu aliyeolewa mbali!" Wakaanza kukumbushana waliokufa, nani alizaa nani, nani alihamia ng'ambo ya mto. Mama alikuwa amesimama mlangoni hajui kama bado anapakua, babangu akamwambia lete kuku, hawa si wageni wa posa tena, ni jamaa. Wakala mpaka firigisi. Ile siku ilikuwa sherehe kubwa kwa kila mtu pale ndani isipokuwa sisi wawili.

Kisha shangazi akaniita. "Robai, njoo umsalimie mjukuu wako."

Kwa sababu hivyo ndivyo hesabu ya ukoo inavyokwenda. Mimi ni binti wa nyumba aliyotoka nyanya yake, kwa hiyo kwake mimi ni kukhu. Nyanya. Hata kama amenizidi umri, hata kama wiki iliyopita tulikuwa tunachagua rangi ya kanga.

Simiyu alikuwa ananiangalia. Alikuwa anangoja niseme kitu, maana kati yetu mimi ndiye mwenye mdomo. Ningesema hapana. Ningelia tu, basi, wangejua kwamba kuna mtu ameumia. Badala yake nikachukua birika la maji na beseni, nikamwendea kumnawisha, na nikasema kwa sauti ili wote wasikie: "Mjukuu wangu, unamtembelea kukhu wako mikono mitupu? Tumbaku yangu iko wapi?"

Sebule nzima walivunjika mbavu. Shangazi alicheka akafuta machozi kwa leso. Hata wajomba zake waliposimulia safari hiyo kwao, nasikia hicho ndicho walichokumbuka, yule msichana mcheshi. Simiyu hakucheka. Nilikuwa namwagia maji na yeye hanawi, ameacha tu mikono hapo, maji yanapita.

Nilifanya hivyo ili nisilie mbele ya watu. Nimejitetea kwa hilo maisha yangu yote, na halijawahi kunitosha. Yeye aliondoka akijua kwamba mimi nimeona ni mzaha. Tuliporudi Nairobi hakunitafuta, na mimi kwa kiburi changu sikumtafuta. Nilikuwa nikipita chini ya yale madirisha naangalia miguu yangu.

Baba yako alikuja baadaye. Hapa nataka unisikie vizuri. Barasa sikumdanganya na sikumwonea. Alikuwa mtu wa machinjioni, mwenye kunuka damu na moyo safi. Yeye ndiye aliyenifundisha kuosha matumbo mpaka yawe meupe, na ndiye aliyenijengea kibanda. Nilimpenda kwa kumzoea, na kumzoea mtu si kitu kidogo. Alipokufa nililia machozi ya kweli, uliniona. Lakini kuna chumba ndani yangu ambacho hakuingia, na nadhani alijua, na hakuwahi kugonga.

Nilimwona Simiyu tena, baba yako akiwa ameshazikwa, kwenye mkutano wa matanga. Unamkumbuka yule marehemu Mama Sifuna wa kanisani. Watu wa kwetu tulikutana orofa ya juu ya hoteli moja huko mjini kupanga jinsi mwili utakavyosafiri. Mwenyekiti akasema kila mtu asimame ajitambulishe. Akasimama mwanaume mwenye mvi, bega moja limeshuka kwa kubeba vioo, akataja jina lake. Halafu akanionyesha kwa kidole, mimi niliyekuwa nimejificha nyuma ya Mama Wanjiru wa kibanda cha jirani, aliyekuwa amenisindikiza, akasema, "Na yule pale ni kukhu wangu." Watu wakacheka. Na mimi nikacheka, nifanye nini.

Pale kwenye ngazi, wakati wa kushuka, akaniuliza, "Robai, bado unachekesha watu?"

Nikamwambia, "Siku hizi nauza matumbo. Hakuna cha kuchekesha."

"Mimi sikuoa," akasema. Hivyo tu, kama mtu anayekuambia mvua imenyesha kwao. Halafu akaniuliza kibanda changu kiko wapi.

Jumamosi iliyofuata akaja. Na nyingine. Akanunua matumbo kila Jumamosi, na wewe ukawa unamwita "yule mteja wa Jumamosi". Nafula, Simiyu hali matumbo. Hajawahi kula, yanamtapisha. Nilikuja kujua baadaye kwamba alikuwa anawapa mbwa wa nyumba moja ya Kitisuru alikokuwa anabadilisha vioo, na mlinzi wa pale akawa anamuuliza mbona mbwa wa tajiri wamekuwa na bahati hivi. Nilipomkamata na uongo huo nilimtukana mbele ya wateja. Alifurahi sana siku hiyo.

Ndipo dirisha la chumba chako likapasuka, akaja kuliwekea kioo. Alipomaliza nikamkaribisha chai, akakaa. Kulikuwa na kiti kimoja tu kisicho na nguo za kupigwa pasi, na ndicho alichokalia. Ukaingia kutoka chuo. Hukusalimia. Ulisema tu, "Mum, huyu amekalia kiti cha baba."

Akasimama mara moja. Akasema, "Pole, binti yangu," na akamaliza chai yake akiwa amesimama karibu na mlango, na kofia mkononi. Mimi nilikuwa hapo na birika. Mara ya pili maishani mwangu niko na birika mbele ya mtu huyu na sina la maana la kusema.

Sikulaumu, na sitaki uende nalo. Ulikuwa na uchungu wa baba yako na ulisema ukweli, kilikuwa kiti chake. Aliyekosa ni mimi. Wiki ile Simiyu aliniomba tuoane. Wazee kama sisi, akasema, nani atatuuliza? Nikamwambia mtoto hajawa tayari, tungoje amalize chuo. Ulipomaliza nikamwambia tungoje karatasi zake za kusafiri zitoke. Nilijificha nyuma yako, mwanangu, kama nilivyojificha nyuma ya Mama Wanjiru. Ukweli ni kwamba nilikuwa naogopa sebule ileile. Mjane mzima, muuza matumbo, naogopa shangazi Tabitha ataniita mwenye laana.

Basi Desemba tulipokwenda nyumbani kumwoza binamu yako, kumbuka nilivyotoka nje ghafla ukadhani nimeugua. Koo zilikuwa zinatajwa. Yule kijana aliyekuja kumchukua akafika kwa nyanya yake, akataja ukoo wetu. Neno kwa neno. Mimi nilikuwa nimebeba sinia ya vikombe, nikasimama kama nimepigwa stima. Nikangoja. Mzee mmoja akakohoa. Na shangazi Tabitha, yuleyule, sasa haoni vizuri na hana meno, akapunga mkono: "Aa, hayo ni mambo ya zamani. Leteni chai, watoto wametoka mbali."

Leteni chai! Nilitaka kummwagia hiyo chai, Mungu anisamehe. Nilitoka nikasimama nyuma ya jiko nikalia kwa ajili ya msichana ambaye hayupo tena. Walichotunyima walikuwa wanakigawa bure, na hawakukumbuka hata kwamba walitunyima. Nilimuuliza shangazi baadaye kama anamkumbuka Simiyu. Akasema, "Ni yupi huyo?" Halafu akafikiri, akacheka. "Ah, yule wa tumbaku!"

Nilirudi Nairobi nimeamua. Nilikuwa nimepanga nimwambie Jumamosi, nikimfungia hayo matumbo yake ya mbwa. Hakuja. Jumamosi iliyofuata pia hakuja, na mimi nikasema amechoka, amenipa dawa yangu, nikanuna. Kumbe alikuwa ameanguka kazini huko Kitisuru. Kiharusi. Nilikuwa namnunia mtu aliyelala wodini.

Kwa hiyo zile jioni nilizokuambia nakwenda maombi, nilikuwa nakwenda hospitali. Siku ya kwanza mlinzi alinizuia. "Ni familia tu, mama. Wewe ni nani wake?" Nikafikiri. Mke, si kweli. Rafiki, rafiki haingii. Nikasema, "Mimi ni kukhu wake." Yule mlinzi alikuwa mtu wa kwetu. Aliniangalia, akatabasamu, akafungua. "Pita, kukhu."

Upande wa kulia hauna nguvu. Maneno yamekwenda, Nafula, yote. Daktari alinieleza kwamba wengine hubaki na neno moja, na hilo ndilo hutumia kwa kila kitu, kwa maji, kwa maumivu, kwa kutaka kugeuzwa. Neno lake lililobaki ni kukhu. Manesi wanadhani analilia nyanya yake. Anapofumbua macho akiniona analisema, na mimi sijui kama ananiita, au ananilaumu, au anaomba maji. Nilimwambia. Niliinama hapo masikioni nikamwambia ndiyo, Simiyu, tuoane, wamesema ni mambo ya zamani. Akasema, "Kukhu." Nikampa maji, kwa sababu sikujua kingine cha kumpa.

Daktari amesema kiharusi kingine kikija hakitamwacha. Kaka yake Wanyonyi amekuja kumchukua, wanampeleka nyumbani. Juzi alinivuta kando pale kwenye korido. "Kukhu, mama yetu alishakufa, mke huyu hana. Wake zetu wana mashamba na watoto. Unaweza kuja ukae naye? Wewe ni kukhu, hakuna atakayeuliza."

Nilifungua mdomo nimwambie mimi ni nani. Nikaona uso wake. Ningesema hivyo, angeniheshimu, angenishukuru, na gari lingeondoka bila mimi, maana mwanamke ambaye hajaolewa hapo hawezi kulala kwenye boma hilo na mgonjwa. Neno lilelile lililonitoa ndilo peke yake linaloweza kuniingiza. Nikamwambia Wanyonyi nitakuja.

Kwa hiyo hii ndiyo habari yenyewe. Kesho nikishakusindikiza uwanja wa ndege sirudi nyumbani. Nitapanda gari lao jioni. Kibanda nimemwachia Mama Wanjiru, na nyumba hii mwenye nyumba nimemwambia apate mtu mwingine mwisho wa mwezi. Nilitaka uondoke ukijua kuna mlango Dagoretti wenye mama ndani. Hautakuwepo, na nilishindwa kukuambia machoni kwa sababu najua ungeahirisha safari. Usiahirishe. Mimi nimeahirisha za kututosha wote wawili.

Kiti cha baba yako kiko kwa Mama Wanjiru, nimekifunika kwa shuka ya bluu. Nimemwambia hakuna mtu wa kukikalia mpaka uje ukichukue mwenyewe.

Na yule Njoroge wako, mtoto wa mwenye nyumba. Usidhani sioni. Nilikusikia ukimwambia rafiki yako utamweleza ukishafika huko. Sitakuambia umpende wala umwache, mimi ni nani. Lakini yuko hapo nyumba ya tatu, na taa yake inawaka hata sasa. Ukiamka, kabla ya gari kuja, nenda ukamwambie lolote ulilo nalo. Ukilia, lia. Usimchekeshe.

Sasa nina ombi moja tu. Kule Bungoma nitakuwa kukhu kwa kila mtu. Watanisifu, yule kukhu alimtunza mjukuu wake vizuri, na siku ya mazishi watanipa kiti cha nyanya, na nitakikalia, na nitanyamaza. Nimekubali. Lakini siwezi kukubali kwamba pasiwe na mtu hata mmoja duniani anayejua. Nimekuchagua wewe, uliyemwondoa kwenye kiti, kwa sababu sina mwingine na kwa sababu ni wewe.

Ukinipigia simu kutoka huko utasikia mtu nyuma yangu anasema kukhu, kukhu. Usikate, na usiniulize ni nani. Niambie nimwekee simu sikioni, halafu msalimie. Mwite baba. Hataweza kukujibu, lakini atasikia.

Mama yako,
Robai